Chuma Hutanuka: Namna Mafundi Wanavyokipangia Kiasi
Somo la redio kwa wanakisomo wa watu wazima wa Njombe na Makambako, kama lilivyosomwa hewani

Natumaini mmekwisha kukaa, na redio mmeiweka mahali ambapo hata walio nyuma wanasikia. Walimu wa vikundi, wekeni karibu ubao na chaki. Wekeni pia vijiti viwili vyenye urefu sawa, kila kimoja kama dhiraa moja. Tutavihitaji baadaye.

Somo letu la leo lahusu metali na joto. Nikisema metali nina maana ya chuma, shaba, bati, aluminiamu, nikeli na ndugu zao wote. Tutaanza na paa la nyumba, tutakwenda mpaka stesheni ya Makambako, na kutoka huko tutafika kwenye mashine mpya ambazo zajenga kitu cha chuma tabaka kwa tabaka. Njia ni ndefu kidogo, lakini tutakwenda polepole.

Wengi wenu mnakaa katika nyumba zilizoezekwa kwa bati. Asubuhi ya Juni au Julai hapa Njombe baridi ni kali, na mahali pengine sakitu imelala juu ya majani ya viazi. Jua likipanda, kama saa tatu au saa nne, paa huanza kulia: ta! ta! Jioni jua likishuka, hulia tena. Watoto wakiuliza ni nani anayetembea juu ya nyumba, wengine huwaambia ni paka, na wengine huwaambia habari za wachawi. Si paka wala si mchawi. Ni bati linarefuka kwa joto, na jioni linasinyaa kwa baridi. Msumari umelishika, nalo linataka kwenda. Likivutana na msumari, halafu likaponyoka kidogo, ndipo mnaposikia ta!

Kwa nini linarefuka? Metali yo yote imejengwa kwa chembe ndogo mno, ndogo kuliko macho yetu yawezavyo kuona. Chembe hizo hazitulii hata siku moja. Zinatikisika. Joto likizidi, zinatikisika kwa nguvu zaidi, na kila moja yataka nafasi kubwa zaidi. Fikirini watu waliobanana katika uwanja wa ngoma. Wakisimama kimya, uwanja mdogo unawatosha. Ngoma ikikolea na watu wakaanza kucheza, uwanja ule ule hauwatoshi tena. Wale wa pembeni husukumwa nje. Watu hawakuongezeka, wala hakuna aliyenenepa. Wametaka nafasi tu. Metali nayo ni hivyo hivyo.

Sasa tutazame kiasi. Mwalimu, andika ubaoni: chuma, 12. Shaba nyekundu, 17. Aluminiamu, 23. Tarakimu hizi zina maana hii. Chukua ufito wa chuma wenye urefu wa mita 1. Uongeze joto kwa digrii 1 ya sentigredi. Gawanya mita moja katika sehemu milioni moja. Ufito wako umerefuka kwa sehemu 12 kati ya hizo. Wa shaba umerefuka kwa sehemu 17, na wa aluminiamu kwa sehemu 23, karibu mara mbili ya chuma.

Mtasema, sehemu 12 katika milioni ni kitu gani? Ni kidogo kweli. Lakini tuzidishe. Bati la chuma lenye urefu wa mita 3, alfajiri lina joto la digrii 5, na saa saba mchana, limepigwa na jua, lina digrii 45. Tofauti ni digrii 40. Mwalimu, zidisha: mara 3 kwa 12 ni 36, 36 mara 40 ni 1,440. Bati limerefuka kwa sehemu 1,440 katika milioni za mita, yaani milimita 1 na nusu hivi. Ni kama unene wa sarafu. Bati hilo hufanya safari hiyo ya kwenda na kurudi kila siku, mwaka mzima. Baada ya miaka kadhaa tundu la msumari limepanuka, na mvua za masika zinaingia ndani. Ndiyo sababu fundi mzuri hupiga msumari juu ya mgongo wa bati wala si bondeni ambako maji hupita, tena huweka kipande cha mpira chini ya kichwa cha msumari. Mpira unakubali bati lisogee kidogo bila ya kuacha mwanya. Anayefanya ubahili wa kununua mpira atanunua ndoo za kukingia maji.

Tutoke nyumbani sasa, twende Makambako.

Reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, na ilikabidhiwa rasmi mwezi wa Julai 1976. Urefu wake kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia ni kilomita 1,860. Watu wa Makambako mnaijua vizuri. Garimoshi likitoka pwani hupita bonde la Kilombero lenye joto, kisha kutoka Mlimba hupanda milima kwa madaraja na mahandaki mengi, mpaka lifike kwenu kwenye baridi. Kipande hicho kinahesabiwa kuwa ndicho kilichowasumbua wajenzi kuliko vyote. Lakini leo hatusemi habari ya milima. Twasema habari ya joto.

Tuchukue kipande kimoja cha reli chenye urefu wa mita 12. Kumbukeni kwamba chuma kinachokaa juani huwa na joto kuliko hewa inayokizunguka. Aliyewahi kukalia reli saa nane mchana hahitaji kufundishwa. Tuseme tena tofauti ya usiku na mchana ni digrii 40. Mara 12 kwa 12 ni 144. Mara 40 ni 5,760. Reli imerefuka kwa karibu milimita 6. Katika kilomita moja ya reli, jumla ni sentimita 48. Nyosheni mkono. Hiyo ni karibu dhiraa moja, toka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Na kama reli yote ya kilomita 1,860 ingekuwa ufito mmoja ulioachwa huru, ukapata joto hilo kwa siku moja, ungerefuka kwa karibu mita 900.

Zitakwenda wapi mita hizo? Hapa ndipo penye hatari. Reli ikikosa nafasi mbele na nyuma, itapinda kando kama nyoka. Garimoshi likifika hapo na abiria wake, litaanguka. Ajali za namna hii zimetokea katika nchi nyingi siku za jua kali.

Wengine watauliza, je, haiwezekani kuishika reli kwa nguvu isitanuke? Tupige hesabu ya nguvu hiyo. Reli yenye uzito wa kilo 45 kwa kila mita, ikibanwa isirefuke hata kidogo huku joto lake likipanda kwa digrii 40, husukuma kwa nguvu ya tani 55 hivi. Tani 55! Chukueni malori mawili makubwa kati ya yale yapitayo Makambako kwenda Mbeya, yapakieni mahindi, kisha yawekeni yote mawili juu ya ncha ya reli moja.

Basi wahandisi wana njia mbili. Ya kwanza ni ya zamani, nayo ni kuacha nafasi. Reli hukatwa vipande, na kati ya kipande na kipande huachwa mwanya mdogo. Ule mlio wa garimoshi, kata-kata, kata-kata, ni magurudumu yanaruka mianya hiyo. Tena fundi lazima atazame joto la siku anapolaza reli. Anayelaza asubuhi ya Julai huacha mwanya mpana, kwa sababu chuma bado kimesinyaa. Anayelaza mchana wa Novemba huacha mwanya mwembamba, maana chuma kimekwisha kutanuka. Njia ya pili ni ya kisasa: reli huchomelewa zikawa ndefu sana, hufungwa imara kwenye mataruma, na mataruma hushikwa na kokoto nyingi. Hapo zile tani 55 hazikuondoka, zimo ndani ya reli zikingoja. Anayeiba kokoto za reli kwa ajili ya msingi wa nyumba yake hajui anachofungulia.

(Walimu, zimeni redio dakika tano. Wanakisomo wataje vitu vingine walivyoona vikitanuka kwa joto. Kisha washeni tena.)

Karibuni tena. Huenda mmoja wenu amezitaja nyaya za umeme. Njia kubwa ya umeme ya kilovolti 220, itokayo Makambako kwenda Songea, ina nyaya zinazoning'inia toka mnara mpaka mnara. Mchana wa joto waya hurefuka na kushuka chini zaidi kuliko alfajiri. Ndiyo maana miti haiachwi kukua chini yake. Nyaya za namna hiyo kwa kawaida husukwa kwa metali mbili: nje ni aluminiamu, ambayo hupitisha umeme vizuri na ni nyepesi, katikati ni chuma cha pua, ambacho kina nguvu na hutanuka nusu tu ya aluminiamu. Muyashike maneno haya. Metali mbili zenye tabia mbili zimewekwa pamoja, na tabia ya tatu imepatikana. Hilo ndilo jambo kubwa la somo la leo.

Mfano mwingine uko nyumbani kwa mwenye umeme. Pasi ya umeme hujizima yenyewe ikishapata moto wa kutosha. Nani anayeizima? Katika pasi nyingi ndani yake mna ulimi mwembamba wa metali mbili zilizogandamana, moja ikitanuka sana, nyingine kidogo. Joto likipanda, upande mmoja unarefuka kuliko mwenzake, na ulimi hauna la kufanya ila kupinda. Ukipinda, unakata umeme. Pasi ikipoa, ulimi unanyoka, umeme unarudi. Ule mlio mdogo, tk, ndio huo. Pasi ya mkaa ya fundi cherehani haina ulimi huo, na kwa hiyo mchungaji wake ni fundi mwenyewe na kidole chake alicholowesha mate.

Mfano wa tatu ni nyumba ya zege. Zege na nondo hutanuka kwa kiasi kinachokaribiana sana. Laiti nondo ingetanuka kama aluminiamu, kila nguzo ya zege ingepasuka kwa ndani baada ya majira machache ya jua na baridi. Hakuna mtu aliyezipanga zege na nondo zipatane. Ilitokea tu, nasi twajenga maghorofa kwa bahati hiyo. Kwa hiyo msidhani kwamba sikuzote twataka metali isiyotanuka. Mara nyingi twataka metali itanuke sawasawa na jirani yake, awe zege, kioo au chuma kingine. Shida haitoki kwenye kutanuka. Shida hutoka pale jirani wawili walioshikamana wanapotanuka mbalimbali.

Basi, je, mtu anaweza kuipangia metali kiasi cha kutanuka? Ndiyo. Njia ya kwanza ni kuchanganya. Metali mbili au zaidi zikiyeyushwa pamoja twapata mchanganyiko uitwao aloi.

Mwaka 1896 alikuwapo bwana mmoja wa Uswisi jina lake Charles Édouard Guillaume. Alifanya kazi katika ofisi ya kimataifa ya vipimo na mizani huko Sèvres, karibu na Paris. Kazi yake ilikuwa kutafuta metali ya bei nafuu ya kutengenezea vipimo vya urefu. Maana kipimo cha chuma ambacho hurefuka mchana na kusinyaa usiku ni kama mwuza nguo ambaye dhiraa yake hubadilika kwa saa. Guillaume alichanganya chuma na nikeli kwa viwango mbalimbali, akipima kila mara. Alipofika kwenye sehemu 36 za nikeli katika kila 100, na nyingine 64 za chuma, aliona jambo la ajabu. Aloi ile karibu haitanuki. Tarakimu yake ni 1 na kitu kidogo, ambapo ya chuma ni 12. Aliiita Invar, kwa maana ya kitu kisichobadilika. Mwaka 1920 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Yaelekea mnauliza, chuma hutanuka, na nikeli hutanuka. Vipi zikioana hazitanuki? Sababu imo katika sumaku. Chembe za Invar zina nguvu ya sumaku ambayo huzifanya zikae zikiwa zimepanuka kidogo tangu mwanzo. Joto likipanda, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Chembe zinatikisika zaidi na kutaka nafasi, kama tulivyosema. Lakini nguvu ya sumaku nayo inapungua, na ule upanuzi wake unakwisha. Huku inaongezeka, huku inapungua. Hesabu ni karibu sifuri. Joto likizidi sana, sumaku inakwisha kabisa, na Invar huanza kutanuka kama chuma kingine cho chote. Kwa hiyo ina mpaka wake.

Invar ilitumiwa kwa nyaya za wapima ardhi na kwa mitambo ya saa. Siku hizi hutumiwa hata katika baadhi ya meli za kusafirisha gesi iliyofanywa maji. Gesi hiyo husafirishwa ikiwa na baridi ya digrii 163 chini ya sifuri, na ndani ya matangi ya meli hizo hutandikwa mabati ya Invar yenye unene wa milimita 0.7 tu. Bati la chuma la kawaida lingesinyaa likavuta mpaka likapasuka. Sisi ambao tuna gesi baharini karibu na Lindi na Mtwara yatufaa kulijua jambo hili.

Mbona basi reli zisitengenezwe kwa Invar? Kwa sababu nikeli ni ghali mno kuliko chuma, na Invar ni laini. Magurudumu ya garimoshi yangeila upesi. Kila aloi hutoa kitu na kutwaa kitu.

Sasa tumefika kwenye jambo jipya.

Mchonga kinu huchukua gogo, akapunguza na kupunguza mpaka kinu kionekane. Mbao nyingine zote ni takataka za kuni. Mfinyanzi hafanyi hivyo. Yeye huongeza udongo, donge juu ya donge, mpaka chungu kisimame. Viwanda vya chuma kwa muda mrefu vimefanya kazi kama mchonga kinu, au vimemimina chuma katika kalibu. Katika miaka hii ya karibuni imekuja mashine inayofanya kazi kama mfinyanzi. Watu huiita kuchapa, ingawa haichapi karatasi.

Huchapaje chuma? Mashine hutandaza unga wa metali, tabaka jembamba kama unywele. Mwali wa leza, yaani mwanga mkali uliokusanywa mahali pamoja, hupita juu ya unga na kuyeyusha pale tu panapotakiwa, kama mtu aandikavyo kwa kalamu. Kisha sahani hushushwa kidogo, unga hutandazwa tena, na mwali hupita tena. Tabaka maelfu kwa maelfu. Mwishoni unga usioyeyuka hukung'utwa, na kitu kimebaki. Aina nyingine ya mashine haitandazi. Hupuliza unga kwa bomba katika ncha ya mwali. Dar es Salaam vijana wa Buni Hub waliwahi kuunda mashine za kuchapa kwa vipuri vya mashine mbovu zilizotupwa. Hizo huchapa plastiki, si chuma, lakini mwendo ni ule ule wa tabaka kwa tabaka.

Faida yake kwa somo letu ni hii. Aloi ya kumimina kwenye chungu kimoja ni moja tu, toka juu hadi chini. Mashine ya tabaka yaweza kubadili unga inapoendelea kujenga. Chini iweke chuma kisichoshika kutu. Kila tabaka ipunguze chuma hicho na kuongeza Invar. Juu imalize kwa Invar tupu. Hapo mtu amepata kipande kimoja chenye tabia mbili, bila ya kiungo katikati. Mwaka 2014 wataalamu wa Jet Propulsion Laboratory huko California, Marekani, walitangaza kwamba wamejenga vipande vya namna hiyo, ambavyo huanza na Invar na kuishia na chuma kisichoshika kutu. Walikuwa wanafikiria vishikizo vya vioo katika vyombo vya angani. Huko upande ulio juani ni moto na upande wa kivuli ni baridi kali, na kioo hakina subira. Upande wa kioo unahitaji metali isiyotanuka. Upande wa mwili wa chombo unahitaji chuma cha kawaida. Katikati tabia yahama polepole, na hakuna mahali ambapo jirani wawili wanagombana ghafla.

Njia nyingine ni ya umbo. Sasa chukueni vile vijiti viwili. Visimamisheni mezani viegemeane kwa juu, kama kenchi ya nyumba. Sasa vutanisheni miguu yake mbali kidogo. Mmeona? Kilele kimeshuka. Vijiti havikufupika, lakini kilele kimeshuka kwa sababu miguu imekwenda mbali.

Sasa fikirini kenchi ndogo kama punje, miguu yake miwili ni ya metali isiyotanuka, na boriti ya chini inayoshika miguu ni ya metali inayotanuka sana. Ipasheni joto. Boriti inarefuka, miguu inaachana, kilele kinashuka. Kitu kimepashwa joto, na kimo chake kimepungua! Pangeni maelfu ya kenchi hizo juu na kando. Kwa kuchagua pembe na metali, fundi anaweza kupata kitu kinachopanda kidogo, au kisichosogea, au kinachoshuka. Mwaka 2016 wataalamu wa Marekani, kutoka MIT na maabara ya Lawrence Livermore na chuo kikuu cha USC, walionyesha kitu kilichochapwa kwa mawazo yanayofanana na haya, kidogo kama donge la sukari, ambacho kilisinyaa kilipopashwa joto. Chao kilikuwa cha plastiki, sehemu yake ikiwa imetiwa unga wa shaba. Kwa metali tupu kazi ni ngumu zaidi, na bado inaendelea.

Ugumu wenyewe watoka wapi? Hapa kuna kichekesho kidogo. Leza inayeyusha unga kwa joto la zaidi ya digrii 1,000, na sekunde ile ile unaganda na kusinyaa, huku tabaka la chini limekwisha kupoa. Jirani wawili, mmoja anasinyaa, mwingine ametulia. Kipande kinajikunja au kinapasuka kikiwa bado mashineni. Yaani mashine ya kuupangia mtanuko kiasi inasumbuliwa na mtanuko wenyewe. Mafundi huupasha joto msingi kabla ya kuanza, hubadilisha njia ya mwali, na hukioka kipande baadaye ili kitulie. Tena kila kipande hupimwa, maana ufa mdogo wa ndani hauonekani kwa macho.

Kuhusu gharama, nitasema wazi: kwa bati la nyumba au kwa reli nzima, njia hii haifai leo na sioni kama itafaa karibuni. Unga wake ni ghali na mashine ni ya polepole. Inafaa kwa vitu vidogo ambavyo kosa lake ni kubwa.

Lakini malighafi ya habari hii si ya mbali nasi. Katika mkoa wetu wa Njombe, wilaya ya Ludewa, iko milima ya Liganga yenye mawe ya chuma, na ndani ya mawe hayo mna titani na vanadi pia. Wapangwa wa nchi hiyo walikuwa wafua chuma mashuhuri zamani. Walilijua jiwe hilo na wakayeyusha chuma kwa mkaa na mivukuto kabla jembe la dukani halijafika. Na nikeli iko Kabanga, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera. Chuma na nikeli, vitu viwili vya Guillaume, vyote vimo katika ardhi ya Tanzania. Titani nayo ikichanganywa na nikeli hutoa aloi ambazo zikivutwa na kutengenezwa kwa namna fulani hurefuka upande mmoja na kusinyaa upande mwingine zinapopata joto. Ila mtu asiwadanganye kwamba jiwe la Liganga litageuka unga wa leza kesho asubuhi. Kati ya jiwe na unga yako machimbo, tanuru, umeme mwingi, na watu waliosoma kupima sehemu moja katika milioni.

Walimu, sasa andikeni ubaoni maswali ya kikundi.

Swali la kwanza. Bati la aluminiamu lina urefu wa mita 4. Joto limepanda kwa digrii 30. Limerefuka kwa milimita ngapi? Fanyeni hesabu hiyo tena kwa bati la chuma, mlinganishe.

Swali la pili. Mwenye nyumba amepigilia bati la aluminiamu na bati la chuma pamoja kwa misumari ile ile, bila mpira. Ni tundu la bati gani litakalopanuka mapema, na kwa nini?

Swali la tatu. Katika kenchi yetu ndogo, tukibadilishana metali, yaani boriti ya chini iwe Invar na miguu iwe aluminiamu, kilele kitakwenda wapi joto likipanda? Chukueni vijiti tena, mtazame kabla ya kujibu.

Majibu yaandikwe katika madaftari, kila mtu kwa mkono wake. Tutayasoma mwanzoni mwa somo lijalo. Kwa herini, ndugu wanakisomo.